Ng'ombe wa Mkwe Wangu

Shule sikusoma, lakini adabu naijua. Agosti hii, baada ya mavuno, nilipanda lori la tumbaku na jamaa zangu kumi na wawili, tukaenda Inyonga kumshangilia Masanja, mume wa binti yangu, kwenye mashindano ya ngoma. Makundi mawili, la Masanja na la wapinzani, yalicheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, ng'ombe amefungwa pembeni akimngoja mshindi.

Masanja alipoanza kutikisa kiuno, nikaona haya. Baba mkwe hatazami mambo hayo! Nikawahamishia jamaa zangu wote kwa wapinzani.

Wapinzani wakapewa ng'ombe. Masanja akaja akitiririka jasho, akapiga goti.

“Shikamoo, baba. Hapa hushinda kundi lenye watazamaji wengi. Wametuzidi watu tisa tu.”

Nyuma yangu, jamaa zangu walikuwa bado wanapiga makofi.