Daraja la Shangazi Eunike

Siku ninayoikumbuka leo, mwanangu, ilianza na ukungu na kumalizika na jua hafifu, na karibu yote niliitembea kwa miguu, mbali sana na Dodoma yetu. Nilikuwa kijana wa kwaya. Kanisa letu hapa mtaani Kikuyu lilialikwa Uingereza, tukaimba huko na kule, kisha tukapewa siku moja ya mapumziko. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya Shangazi Eunike, dada yake baba, aliyeolewa huko kabla sijajua kusoma.

Nilikuwa na neno la kumpa. Bibi, mama yake, alikuwa mgonjwa kwake Makutupora, na wote tulijua kwamba hawataonana tena. Bibi hakulalamika. Aliniambia tu kwamba kila akimwombea binti yake hufumba macho akaona giza, hajui amweke wapi. Basi nimuulize anaishi mahali pa namna gani, nimletee jibu angali hai.

Shangazi alinipokea stesheni kwa "Mbukwa", salamu yetu ya Kigogo, kwa sauti kubwa, Wazungu wakageuka kututazama. Nikampa shikamoo yake, na hapo hapo nikaanza: Bibi anasema hivi. Akaninyamazisha kwa kiganja. Kwetu, neno la mzazi halipokelewi watu wamesimama. Mnaulizana kwanza habari za watu, za ng'ombe na za mvua, mnakaa chini, ndipo linatolewa. Mimi nilidhani huko ameshayaacha hayo.

"Neno la mama nitalipokea nikiwa nimekaa," akasema. "Sasa tutembee."

Mji ule ni wa kale hata ngazi za kanisa zimebonyea katikati kwa nyayo za watu. Nyumba zake za mbao nyeusi zimeinamiana juu ya vichochoro, majirani wangeweza kupeana chumvi dirishani. Nilitaka kuona ngome, nikaiona, lakini Shangazi alikuwa na ngome zake mwenyewe. Alinionyesha mlango wake wa kijani, duka anakonunua unga, na bustani ya mzee mmoja anayemwekea majani ya maboga, mboga ambayo wenyeji huitupa. Huku tukienda akaniuliza habari zote kwa taratibu, mpaka za ndama.

Tukafika kwenye daraja la mawe. Akaweka mkono ukingoni, penye jiwe lililolainika, akawatazama bata weupe wenye shingo ndefu wakipita chini. Akaniambia kwamba kila akitoka kazini husimama hapo kidogo. Kengele ya kanisa ikalia, nami nikahisi kama niko usingizini, natembea ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Nikajaribu tena kulitoa lile neno, akanikumbusha kwamba tumesimama. Nilikereka, sikufichi, maana viatu vilikuwa vya kuazima na vilinibana.

Alasiri akatandika khanga kwenye nyasi nyuma ya kanisa. Tukakaa chini, miguu tumeinyoosha, na benchi tupu liko pembeni yetu. Sasa nikasema. Shangazi alilia bila kujificha, kisha akacheka huku machozi yakimtoka.

"Mwambie mama tulikopita leo," akasema. "Polepole vilevile."

Niliporudi nyumbani nilimkuta Bibi kitandani, zabibu zinavunwa nje. Nikaanza na ngome. Akanikatiza, akataka nianzie mlangoni. Basi nikamtoa Shangazi mlangoni pake, nikampitisha dukani, nikampitisha kwenye maboga, Bibi amefumba macho. Tulipofika darajani nikataka kuendelea kanisani, akanishika mkono.

"Ngoja. Mwache asimame kidogo."

Sikuwa nimemwambia kwamba Shangazi husimama pale. Bibi akatabasamu, akasema tangu utotoni alikuwa hivyo, kila penye maji lazima asimame. Tukamngoja Shangazi mpaka Bibi aliponiambia kwamba ameshavuka. Tangu siku ile, hadi alipotuacha, hakulitaja tena lile giza.

Nakueleza haya kwa sababu wiki ijayo unasafiri, mwanangu. Najua una simu, utamtumia mama yako picha zako ukicheka mbele ya majengo makubwa. Mtumie, atafurahi. Lakini siku ukimpigia usiwe na haraka. Mtoe mlangoni pako, mpitishe unakonunua mkate, mwambie unaposimama ukichoka. Na mkubwa akikwambia mtembee kwanza, tembea naye, hata viatu vikubane.

Mungu akutangulie huko uendako, akupe majirani wema na mahali pako pa kusimama. Na kila anayekuombea, akifumba macho, akuone.