Siku Niliyofuta Oda za Chakula Mikumi

Nichekeni sasa hivi, mapema, ili nikifika kwenye maharage muwe mmeshachoka. Mimi ni mwalimu wa hesabu Kilosa, na aibu hii niliipata Mikumi, kwenye bwalo la nyumba ya wageni tulikofanyia semina, mbele ya wanafunzi wangu sita na profesa niliyekuwa namwomba anipokee kwa masomo ya uzamili.

Kazi yangu inahusu milinganyo ya mawimbi (msiogope, hainitafuni, haitawatafuna) ambayo vitu vyake havikubali kubadilishana nafasi. Tatu mara tano ni sawa na tano mara tatu, hilo tunalijua. Lakini ukikoboa mpunga kisha ukapika, unakula. Ukipika kwanza ndipo ukakoboa, muulize mtu yeyote wa Tindiga, kwetu wanakolima mpunga, utapata nini. Nilikuwa na familia mbili za milinganyo ya namna hiyo, na kanuni ya kugeuza jibu la familia moja liwe jibu la nyingine. Nilitakiwa kuthibitisha kanuni hiyo tu, mistari kumi na miwili, yote ipo kwenye karatasi.

Karatasi nikaiacha kwenye begi. Nilitaka wanafunzi wamwone mwalimu wao akitiririka.

Mstari wa tatu ulitaka badiliko (derivative, kwa wale wa kidato cha sita) la v mara v, v yenyewe ikiwa mojawapo ya vitu hivyo visivyokubali kubadilishana nafasi. Miaka yote darasani nakaririsha "mbili v, mara badiliko lake", basi mkono ukaandika hivyohivyo wenyewe, kumbe huku lazima uandike vipande viwili, kimoja v ikitangulia, kingine v ikifuata. Kuanzia hapo vilivyotakiwa kufutana vikagoma, nami badala ya kusimama nikaongeza kasi (nadhani niliamini vitachoka kabla yangu), ubao ukajaa, pembeni nikaona kibao kingine kina maandishi ya chaki, nikakifuta bila kusoma, nikaendelea.

"Mwalimu," mama mpishi akaita kutoka mlangoni, "hizo ulizofuta ni oda za watu."

"Samahani, mama. Dakika moja tu."

"Hata zikiwa kumi, nitajuaje nani wa kuku na nani wa maharage?"

Ikabidi apite meza kwa meza kuuliza upya, na walioagiza maharage wote wakakumbuka kwamba waliagiza kuku. Kuku wakaisha. Katikati ya zogo hilo Zaituni, mwanafunzi wangu wa kidato cha sita, akanyoosha kidole.

"Ticha, mstari wa tatu. Si ulisema huku hatubadilishi nafasi?"

Profesa, mama mtulivu, akatikisa kichwa kumkubalia. "Nilikuwa nangoja uone mwenyewe. Umeona?"

"Nimeona, Mama. Shikamoo." (Nilishamwamkia asubuhi. Msiniulize.)

"Marahaba. Leo siwezi kukupokea. Karekebishe, uniletee mwezi ujao, nione."

Nikala maharage yaliyopoa, wanafunzi wakinitazama kwa huruma yenye kicheko ndani yake.

Mwezi uliofuata nilikwenda na karatasi mkononi, nikaisoma kama mtoto wa darasa la pili, kidole chini ya kila alama, mpaka mstari wa mwisho vyote vikafutana ikabaki sifuri. Akanipokea. Basi, wapendwa, unachokijua mpaka mkono unakiandika wenyewe ndicho cha kukikagua kwanza, na mimi ubao wa mtu sigusi tena kabla sijausoma wote. Zaituni nimemhamishia dawati la mbele, kwa usalama wangu.