Pongo wa Bondeni

Mafuta ya taa yakigusa chuma baridi, harufu yake hunirudisha jikoni kwetu, karibu na Kebirigo, miaka michache baada ya Uhuru. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa akisugua bunduki kuukuu ya vita aliyoachiwa na mzungu wa Sotik aliyemfanyia kazi. Kitako kilishapasuka kikafungwa kwa waya, na risasi zilikuwa zimeota kutu ya kijani. Mama alisema bunduki ile itamuua mwenyewe kabla ya kumuua mnyama.

Msimu ule pongo, swala wa vichakani, alikuwa akitumalizia maharagwe. Tata hakuona mbali vizuri, kwa hivyo alinichagua mimi, bintiye wa miaka tisa, niwe macho yake.

"Pongo ana kwato zilizopasuka, Kerubo," alininong'oneza tukishuka bondeni asubuhi ile yenye ukungu. "Hata mchungaji wetu wa Kisabato hatatulaumu tukimla."

Nilitaka kucheka, lakini meno yalikuwa yakigongana, na msidhani ni baridi tu. Niliiogopa bunduki ile kuliko chui.

Tulilala kifudifudi nyuma ya migomba. Muda si muda, kitu cha rangi ya udongo kikatikisika kichakani ng'ambo ya kijito. Kikainama, kikatulia. Kabla sijakitambua, Tata alikuwa ameshalenga. Nikaziba masikio, nikauma nyasi.

Bunduki ikasema "ta!" basi. Risasi ilikuwa imekufa.

Tata akaguna, akavuta komeo, risasi mbovu ikaruka nje, akaingiza nyingine. Kidole kikarudi mahali pake. Hapo kichaka kikakohoa.

Nilikijua kikohozi kile. Ndicho kilichotuamsha kila asubuhi.

"Tata, ni Mama!"

Mama akatokeza, blanketi lake la kahawia kichwani, kuni mikononi. Tulijua yuko njiani kwenda sokoni, kumbe aliona kuni kavu akageuka kuziokota.

"Mbona mmelala hapo kama wezi wa ndizi?" akauliza.

 Tata aliiweka bunduki chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto mgonjwa.  Mama akamtazama, akaitazama bunduki, kuni zikamponyoka. Mimi nikajikojolea. Tukarudi nyumbani, kuni tukaziacha pale pale.

Siku hiyo hiyo Tata alimpelekea chifu ile bunduki. Pongo akayala maharagwe yote, nami nikanuna, nikimwona baba yangu mwoga.

Tangu hapo, kila Tata alipokwenda shambani aliita kutoka mbali: "Mama Kerubo! Uko wapi?" Hakukanyaga shamba hadi aitikiwe. Sisi watoto tulimwiga na kuangua kicheko, tukidhani ni uzee unaanza. Mama hakucheka hata mara moja. Aliacha jembe, akasimama wima aonekane vizuri, akaitika, "Niko hapa."

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba Tata alikuwa akiomba msamaha, na Mama alikuwa akimpa.