Faili la Mama Lilipogoma Kufunguka

Faili liligoma kufunguka siku moja kabla ya kumzika mama. Nilihangaika nalo mji mzima mpaka likafunguka, na hadi leo natamani ningeliacha lilivyo.

Naitwa Melkizedeki, ila mtaani ni Melki. Napaka rangi magari pale Elerai. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, anayebisha anifuate gereji tukae tuongee.

Mama ninayemsema hakunizaa. Aliyenizaa alikuwa akimsaidia kuchuma kahawa shambani kwake Poli, kule mlimani, akafariki mimi sijaanza hata shule. Mama Violet alikuwa mwalimu, mjane, ana watoto wake wawili. Siku tuliyomzika mama yangu akanishika, akanileta kwake Kijenge, akaniambia kuanzia leo niite mama.

Nikamwita mama mpaka siku anafumba macho. Miaka yake ya mwisho, alipokuwa hawezi kusimama, nilikuwa namwogesha na kumlisha mtori wa ndizi mimi. Dada Violet na kaka Brian wako Dar, kazi zimewabana, siwalaumu kwa hilo.

Kwenye kikao cha msiba wakakubaliana kwamba kanisani, kabla ya kwenda kaburini, zioneshwe picha za maisha ya mama. Dada Violet akasema kazi hiyo aachiwe yeye. Akapiga picha albamu zote kwa simu, akajifungia chumbani na laptop yake, akawa anapanga.

Mimi moyoni nilikuwa na jambo moja tu. Nimo au simo?

Sikuuliza. Kwenye ile nyumba kuna maswali ambayo sijawahi kuyauliza. Lakini nilijua kwamba picha zikipita mbele ya kanisa zima na mimi nimo, hakuna mtu atakayeniuliza tena mimi ni nani pale. Aliyekuwa anaweza kunisemea alikuwa mochwari.

Sasa sikia kilichotokea.

Mchana, watu wamejaa chini ya turubai, sabufa ikanyamaza. Kaka Brian akaingia ndani kutafuta nyimbo za kwaya. Akaona flash imechomekwa kwenye laptop ya dada, akaichomoa, akaondoka nayo. Hakujua kwamba dada alikuwa anahifadhi kazi yake humo humo, na kompyuta ilikuwa bado inaandika.

Dada aliporudi kutoka jikoni na kuirudisha ile flash, faili halikufunguka. Kompyuta ikasema lina hitilafu, ikauliza kama ilitengeneze. Akabonyeza ndiyo. Ikakaa, ikafikiri, ikakataa.

"Nani amegusa laptop yangu?"

Kaka Brian akaangalia simu yake. Dada akanigeukia mimi.

"Melki, si ulikuwa humu ndani?"

"Nilikuwa naleta maji, dada."

"Basi jua pa kulipeleka. Kesho saa nne ibada."

Kwenye simu picha alishazifuta kwa sababu ilijaa. Albamu zilishatangulia Poli, tutakakomzika mama, pamoja na masufuria, kwenye gari ambalo hakuna aliyekumbuka ni lipi. Nikaichukua flash, nikatoka.

Fundi kompyuta wa kwanza mjini akaiangalia hata dakika haikuisha. "Kaka, hili limekufa."

Wa pili akaniambia nirudi Jumatatu. Mama tunamzika Jumamosi. Nikamwambia asante, sikuwa na nguvu ya kubishana.

Mtu akanielekeza Daraja Mbili, kwa dada mmoja anaitwa Namelok, ana steshenari, anachapisha kadi za harusi na ratiba za mazishi. Nilimkuta anafunga. Sijui uso wangu ulikuwaje, maana alifungua mlango upya bila kuuliza kitu.

"Pole na msiba, kaka. Hebu lete."

Akajaribu mara mbili, akatingisha kichwa.

"Kama lilivyo halifunguki. Ila picha zinaweza kuwa salama humo ndani."

"Kivipi?"

"Lichukulie kama gunia. Mdomo ndo umeharibika. Acha nilitoboe pembeni tuone kilichomo."

Akabadilisha herufi za mwisho za jina la faili, akaingia na programu nyingine, tukasubiri. Picha zikaanza kutoka.

Ya kwanza ilikuwa mama na gauni lake la njano, kipaimara cha kaka Brian. Brian kulia kwake. Kushoto kwake, kaptula kubwa kuliko kiuno, ni mimi.

Ya pili ni mahafali ya dada Violet. Mama anacheka, mimi nimebeba maua ya dada mpaka uso hauonekani vizuri. Ya tatu, Krismasi kule Poli. Mama, mimi, na mbuzi ambaye hakuimaliza siku ile.

Zikaendelea kutoka. Nimo. Nimo. Nimo.

Jamani, nililia. Mwanaume mzima, kwenye steshenari ya watu. Siku zote zile nilikuwa nahisi dada hanitaki, kumbe ameniweka karibu kila mahali. Nikajiona mjinga kwa kumwazia mabaya.

"Huyu ni wewe?" Namelok akauliza.

"Ni mimi."

"Uko kila picha. Wewe ndo mtoto wa mwisho?"

"Ndiyo," nikasema. Lilinitoka haraka hata sikuliwaza, na lilikuwa tamu.

"Halafu kuna kurasa tano za mwanzo zimepona kabisa na mpangilio wake," akasema. "Hizi hatuzigusi."

Akazifungua.

Mama na gauni la njano. Brian kulia kwake. Kushoto hakuna kitu. Picha iliishia pale pale ninapoanzia.

Ukurasa wa pili, mahafali. Mama na dada Violet. Maua hayapo, na mbeba maua hayupo.

Namelok aliendelea mpaka wa tano, kisha akaacha.

"Kaka," akasema taratibu, "aliyetengeneza alizikata. Ila ukikata picha humu haikatiki kweli, ule upande unafichwa tu. Ndo maana zimetoka nzima."

Hakunitazama usoni, na namshukuru kwa hilo.

"Sasa hizi zilizobaki. Nizipange nzima, au nizikate kama alivyofanya?"

Nikatoka nje nikampigia dada.

"Dada, picha zimepatikana."

"Asante Yesu. Zote?"

"Karibu zote. Lakini zimetoka nzima."

"Nzima vipi?"

"Nzima. Na mimi nimo."

Nikasikia kwaya ya sabufa upande wake.

"Melki, usinielewe vibaya. Kesho wakwe zangu wote wanakuja. Mama alikuwa mjane. Wakiona mtoto wa kiume kila picha watasema nini? Watasema alizaa nje. Nitasimama kanisani kumweleza nani na nani?"

"Si unawaambia tu kwamba mama alinilea, dada."

"Mbele ya jeneza? Nani ataamini?" Akashusha pumzi. "Ni kwa heshima ya mama. Zirudishe zilivyokuwa. Tafadhali."

Ningeweza kusema mengi. Nilikuwa nayo yote, yamejaa mpaka kooni. Nikasema neno ambalo nimelisema kwenye ile nyumba tangu siku nilipoingia.

"Sawa."

Nikarudi ndani. "Zikate."

"Una uhakika, kaka?"

"Zikate tu."

Tatizo Namelok hakujua dada alikata wapi kwenye zile nyingine. Ikabidi nikae pembeni yake nimwelekeze. Hapa. Sogeza kidogo. Hapo hapo. Nilikumbuka kila picha nilikuwa nimesimama wapi.

Kesho yake kule Poli kanisa lilijaa mpaka nje. Ndugu walikaa upande wa kulia. Dada, kaka, shangazi, hata mabinamu ambao nimewafahamu wiki ile ile.

"Melki, wewe kaa na laptop," dada akaniambia. "Lisije likagoma tena."

Meza ya laptop ilikuwa upande wa wageni. Jirani yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, amejifunga kitenge kizuri, nikaja kujua ndiye mkwe wa dada. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri.

Picha zikaanza kupita ukutani. Watu wakawa wanafuta machozi. Na mimi nililia, maana picha zilikuwa nzuri na mama alikuwa mzuri.

Ikafika moja ya mwaka jana. Mama amekaa kwenye kiti cha plastiki, barazani Kijenge, amekonda lakini anacheka. Dukani kwa Namelok, kwenye kioo kidogo cha kompyuta, hatukuona kitu. Pale ukutani, picha ikiwa kubwa kuliko mlango, kilionekana.

Begani kwa mama kulikuwa na mkono. Mkono tu, hauna mtu. Vidole vimeshika bega, kucha zina rangi ya bluu ya magari.

Yule mama akaniinamia.

"Kijana, huo mkono ni wa nani?"

Aliuliza kwa upole kabisa. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kujua. Kuna maneno mawili tu yalihitajika pale, na mdomo nilikuwa nao.

"Sijui, mama," nikasema. "Mimi nimekuja kuendesha kompyuta tu."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kutazama mbele. Mkono wangu wa kulia nikauingiza mfukoni. Picha iliyofuata niliibonyeza kwa wa kushoto.

Mama tulimzika salama, watu wakala, wakwe wakaridhika. Dada alinishukuru mbele ya watu kwa kuokoa lile faili. Mpaka leo tunasalimiana vizuri.

Wengi nikiwasimulia wanamkasirikia dada Violet. Mimi sina nguvu hiyo. Dada alinikata kwenye kurasa tano. Zilizobaki nilimwelekeza mkataji mwenyewe, na kanisani nilipoulizwa nikajikana kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kuna nyumba ulilelewa na mpaka leo unatembea humo kwa kunyata, nakuomba kitu kimoja. Siku mtu akikuuliza huo mkono ni wa nani, sema ni wangu. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Mimi niliulizwa mara moja tu, na aliyeuliza hajawahi kurudia.