Nilivyolitia Simiti Kaburi la Mnara

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio, kofia na onyo. Kofia ilikuwa ya mtu mwenye kichwa kikubwa kunishinda. Onyo lilitoka kwa Mwangalizi wa kituo, mama mmoja mrefu aliyetembea na funguo kiunoni, ingawa magofu yenyewe hayana hata mlango mmoja.

"Kijana, hapa hujengi," akaniambia. "Wazuia magofu yasianguke. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama. Niwe kama boriti."

Hakucheka. Miaka minne hakunichekea hata mara moja.

Nyinyi wadogo zangu mnaouliza hiyo kazi ilikuwaje, najua mwashangaa mstaafu gani huyu hana hata mvi. Niliishia darasa la nane kwetu Marafa, nikapata hicho kibarua, nikakifanya miaka mitano, nikastaafu. Wengine wakistaafu hupewa godoro na sherehe. Mimi nilipewa kimya, na nilikistahili.

Magofu yetu yako msituni, kati ya Malindi na Kilifi, yamezungushwa seng'enge: msikiti usio na paa, visima viwili, na kaburi la mnara. Hilo ni kaburi la mkubwa wa zamani, limejengewa ukuta mfupi, na upande wa kichwani umesimama mnara wa mawe mrefu kama mnazi mchanga. Juu yake lilipachikwa bakuli la kaure, jeupe lenye maua ya buluu. Mengine yalibanduliwa na wezi zamani. Lilibaki hilo moja.

Aliyenifunza kazi ni Fundi Mkuu, mzee wa Malindi mjini. Mawe yale ni ya matumbawe, akanieleza, na yameshikana kwa chokaa. Chokaa yenyewe si ya dukani. Matumbawe huchomwa tanurini, kisha hulowekwa shimoni miezi na miezi mpaka yawe laini kama samli. Ukuta wa chokaa unapumua: maji ya mvua yakiingia, yanatoka.

"Chokaa haitaki haraka," alikuwa akisema. "Mwenye haraka akajenge choo."

Mwaka wa tano mnara ukapata ufa, chini kidogo ya bakuli. Fundi alikuwa kwake anauguza mguu, na chokaa ya shimoni ilikuwa bado mbichi. Hapo hapo Mwangalizi akapigiwa simu kwamba wakaguzi wanakuja Jumatatu. Akazunguka kaburi mara tatu, funguo zikilia.

"Huo ufa utaniua," akasema.

"Niachie mimi, Mama. Jumatatu hutauona."

Nikaenda kwa binamu yangu aliyekuwa akijenga nyumba, nikaomba nusu mfuko wa simiti. Nikaichanganya na mchanga na majivu ipate rangi ya kizee, nikaziba ufa, nikalizungushia na bakuli vizuri. Kazi safi! Wakaguzi wakapiga picha, wakasifu. Mmoja akauliza nani fundi. Siku hiyo Mwangalizi alinichekea, na mimi nikanyamaza na simiti yangu.

Kisha ikaja masika. Simiti haipumui, jamani. Maji yakaingia nyuma yake yakakosa njia, chumvi ikafura ndani ya mawe. Kando ya kiraka changu pakatoka unga mweupe, halafu ufa mpya, mrefu kuliko ule wa kwanza, ukashuka mpaka chini. Nikafanya kama Fundi alivyonionyesha: nikabandika kipande chembamba cha kioo kuvuka ufa. Kioo kikivunjika, ujue ukuta unatembea.

Jumatano nikakikuta kimevunjika.

Na kesho yake ni Alhamisi, siku ya Bibi Mwanasiti. Huyu ni ajuza wa kijiji cha jirani. Kila Alhamisi huja na chetezo cha ubani na marashi yake, akaketi chini ya mnara, akauegemea, akawaombea dua wazee waliolala pale.

"Shikamoo, Bibi. Leo usikae hapo, pana nyuki."

"Marahaba. Nyuki gani hao na mvua yote hii?"

"Wamekimbia mvua, Bibi. Ni wakimbizi."

"Wee Mgiriama una maneno! Nipishe."

Akaketi. Akaegemea. Nikasimama kando yake nimekinga mikono, kama kwamba mnara ukija nitaudaka. Kila kijiwe kilipoanguka msituni, nilitazama juu. Aliposema amina, shati langu lilikuwa limelowa, na siku hiyo mvua ilikuwa haijanyesha bado.

Nikakimbia kwa Fundi. Nikamkuta anakunywa chai, nikamweleza ule ufa niliouziba.

"Umetia nini?"

"Simiti, Fundi."

"Na kioo?"

"Kimevunjika jana."

Akaacha kikombe, akatafuta viatu. "Mwangalizi ajua?"

"Bado."

"Mpigie. Hapa hapa, nikusikie."

Alasiri hiyo tukazungusha kamba, tukauegemeza mnara boriti pande tatu. Siku zilizofuata Fundi akawa anachokoa simiti kwa tindo, kidogo kidogo, na mguu wake mbovu juu ya ngazi. Mimi nilikuwa chini nimeshika boriti, nikihesabu mapigo ya nyundo. Mwangalizi alisimama nyuma ya kamba, ameshika funguo zisilie.

Siku ya nne kiraka kikatoka kizima. Bakuli likatoka nacho, likapasuka mikononi mwa Fundi. Simiti yangu ilikuwa imelishika kuliko mawe yenyewe yalivyolishika tangu enzi za wazee.

Mnara ulibaki. Mwangalizi alikusanya vipande kwenye leso yake kimoja kimoja.

"Mkataba wako wamalizika mwisho wa mwezi," akaniambia.

"Ndiyo, Mama." Nikaokota kipande cha mwisho, nikamtilia lesoni.

Fundi akasema, "Bibi utamwambia wewe."

Alhamisi iliyofuata nikamwambia yote. Akalitazama lile tundu tupu juu.

"Siku ile nimeegemea, ulikuwa wajua?"

"Nilikuwa najua, Bibi."

Akachochea ubani chetezoni. Kisha akasema, "Keti." Nikaketi. "Egemea." Nikaegemea. Chokaa ya shimoni iliyokwisha kuiva, tuliyozibia ule ufa mrefu, ilikuwa haijakauka, ikanilowesha mgongo. Bibi akasoma dua yake yote, wala hakuwa na haraka, nami sikuthubutu kuinua macho.

Sasa niko Marereni, naparua chumvi kwenye mabwawa. Mkipata kazi ya magofu, wadogo zangu, ichukueni, ni kazi nzuri. Lakini ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu hajaja kuegemea.

Mimi wingu likifunga tu, mkono unatafuta simu nimpigie Fundi. Amesharudi kazini magofuni, na siku hizi hangoji hata salamu.

"Mnara umesimama," huniambia.

"Na kioo kipya?"

"Hebu ngoja nikatazame," husema, nami hungoja.