Mama wa Duka la Vitabu Vikuukuu

Mama huyu muuza vitabu vikuukuu alinitia wasiwasi tangu mwanzo. Vitabu vya mapishi huvitupa tu kwenye kaunta. Lakini ukichukua kimoja kuhusu polisi wa siri wa enzi ya Kisovieti, hukifuta vumbi taratibu kwa kiganja, hukukazia macho, kisha huuliza kwa sauti ya chini, “Unasoma mwenyewe, au umetumwa?” Nilikwisha kuamini kwamba anatuchongea sisi wateja kwa wapelelezi.

Jana nilikuwa nimeshika kitabu cha aina hiyo alipoingia bwana mmoja mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Akatabasamu. “Mama, hivi vya Warusi hununuliwa na akina nani?”

“Havina wateja, mwanangu. Navisoma mwenyewe.” Hapohapo akaninyang’anya kile kitabu na kunifokea, “Na wewe, si nimekwambia duka la dawa ni mlango wa pili? Mbona umeganda?”

Nikatoka. Ameniokoa, sikatai. Ila nilipochungulia dirishani, yule bwana alikuwa ameshaketi, na mama alikuwa akimkorogea chai, akitia sukari bila kumuuliza vijiko vingapi.