Mifereji Niliyoiacha Itone

Assalam alaykum jamani. Admin, jina langu liache mlangoni, mengine yote yaingize ndani. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Unguja, naishi Garland, Texas, na mume wangu na watoto watatu. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nina mdomo, nakubali, kwa hiyo msinishauri niufunge. Nimeshaufunga vya kutosha na sijaona faida yake.

Walio nyumbani wataniuliza, Texas na baridi wapi na wapi? Kweli, miezi mingi hapa ni jua la kumbabua mtu. Lakini baridi kali ikija huja kwa hasira, na nyumba zetu hazikujengwa kwa ajili yake. Mabomba ya maji yanapita juu ya dari. Maji yakiganda humo, bomba hupasuka, na barafu ikiyeyuka nyumba nzima inakuwa bwawa. Basi likitoka tangazo mtu huandaa nyumba. Niliivisha mifereji ya nje sponji, nikaziba chini ya milango kwa kanga kuukuu, nikafungua makabati ya chini ya sinki ili joto liyafikie mabomba. Kisha kila mfereji wa ndani, wa jikoni na wa bafuni, nikauacha utone kidogo, maana maji yanayotembea hayagandi upesi. Nikaenda kazini na begi la nguo, kwa sababu barabara zikishashika barafu sisi wahudumu hulala huko huko. Wazee hawaachwi peke yao.

Kabla sijatoka nilimwambia mume wangu, "Baba Nasra, mifereji hii asiifunge mtu. Hata mama."

"Nenda na amani, mke wangu," akanijibu.

Mama ni mama mkwe, alikuja kutoka Unguja kututembelea. Nampenda na yeye ananipenda, tusizushiane. Ni mtu aliyekulia maji ya kisima, anatawadha kwa kopo moja na mengine yanabaki. Kwake maji yanayomwagika bure ni israfu, na israfu ni dhambi. Sasa fikirini mtu huyo anaamka kuswali alfajiri, anakuta mifereji yote ya nyumba inatona.

Niliporudi, barafu ilikuwa imeshayeyuka. Dari ya chumba cha watoto ilikuwa juu ya kitanda cha Nasra, zulia limelowa chapachapa, mabegi ya shule yanaelea. Nasra alikuwa kajifunika blanketi. "Mom, we're okay. We slept in the living room." Nilimshukuru Mungu kwamba walilala sebuleni, kisha nikapiga ukelele: "Nani kafunga mifereji?" Niliishika mmoja mmoja. Ilikuwa imekazwa kwa nguvu za mtu mwenye imani. Mama mkwe akanitazama kama haelewi nafoka nini, nami nikadhani anajifanya.

Kabla hajanijibu, mume wangu akanivuta mpaka gereji.

"Mama ndiye aliyefunga," akasema kwa sauti ya chini. "Nilimwona. Alisema israfu. Sasa ningemwambia nini, na kaja mgeni? Mtu ata-correct vipi mama yake?"

"Na dari je, nani atai-correct?"

"Lawama beba wewe tu. Mama ataondoka zake, yataisha."

Nikabeba. Nilidhani ni uongo wa ndani ya nyumba. Kumbe alishaandika kwenye kundi la familia kwamba mkewe alikimbilia kazini bila kuandaa nyumba! Wifi yangu aliyeko Houston akanipigia. "Wifi, kazi nzuri, lakini nyumba kwanza. Umemwacha mama kwenye freezer, halafu unarudi kumfokea?" Sasa wameitisha kikao Ijumaa, kwa video, Unguja, Muscat na Houston wote wakinitazama, nimwombe mama radhi. Iliniuma. Mikono hii ndiyo iliyovisha mabomba, leo inaitwa mizembe.

Jana likatoka tangazo jingine la baridi. Mama akanifuata jikoni. "Mwanangu, safari hii nifundishe, tuiandae pamoja. Kwani lile bomba lilipasuka kwa nini hasa?"

Nikakitua kitambaa cha vyombo. Hajui! Siku zote hizi nilidhani anajua na ananyamaza, kumbe mwanawe hakumwambia kitu. Nikamweleza habari ya maji kuganda, nikaweka ndoo chini ya mfereji. "Utatona, mama, lakini maji tutayakinga. Tutatawadhia, tutaoshea vyombo. Hakuna israfu."

"Ah! Mngenieleza mapema, ndoo ningeishika mwenyewe," akacheka. Mara akauangalia ule mfereji. "Basi hata siku ile, mifereji ilikuwa ikitona kwa ajili hiyo?"

Mume wangu alikuwa kasimama mlangoni. Akakohoa, akanikonyeza. Nikasema chai inapoa. Ile ndiyo mara yangu ya mwisho kumfichia.

Wazee wetu walisema, usikatae wito, kataa neno. Ijumaa nitakuwepo, nimejitanda vizuri, na radhi siombi. Nimemwambia mume wangu aseme mwenyewe. Anadai nitamfedhehesha mama yake. Mama alifanya alichokijua, hana kosa. Mwenye fedheha ni aliyeona akanyamaza, kisha akanisingizia mimi.

Kinachonisumbua ni kimoja tu. Mama ni mtu mzima, ana huruma, na akijua ni mkono wake ulioangusha dari juu ya kitanda cha mjukuu wake, hatalala. Sitaki alijue hilo mbele ya kioo cha simu, watu wa nchi tatu wakimtazama.

Kwa hiyo msiniambie nivumilie, na msiniambie ndoa ni kusitiriana. Nimesitiri mpaka dari ikaniangukia. Kusema nitasema, na mama atajua kabla ya Ijumaa, kwa kinywa changu, tukiwa wawili na ndoo zetu. Nishaurini nimwanzie wapi mama huyu bila kumvunja moyo. Nipeni neno la kuanzia tu. La kumalizia, la Ijumaa, ninalo.